Uzi unaoning'inia nyuma ya paka hauvutwi

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chumbageni hapa Tanga. Watoto wamefunga shule, nyumba imejaa. Tuna mbwa mmoja wa uani na paka mdogo anaitwa Kaimati, wanangu walimwokota Soko la Mgandini akiwa ndiyo kwanza anafungua macho. Nafuma sweta la mama yangu aliyeko Lushoto, na nashona shuka la viraka vya kanga. Vyote nataka viishe kabla ya Krismasi. Paka huyu haachi uzi. Sweta hulinyonya mpaka likalowa chapa, na mkono mmoja ameshautafuna. Leo asubuhi nimeona uzi umemning'inia nyuma, urefu wa kidole, na tangu jana jioni hajala. Jirani anasema niuvute polepole, utatoka wote. Mume wangu anasema paka aondoke au mimi niache kufuma. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Swali lako lilipofika nilikutumia ujumbe mfupi palepale: usivute, usimpe kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Hapa naeleza kwa urefu, kwa sababu kila Desemba naulizwa jambo hili na watu wa sindano, na wengi huniuliza wakiwa wameshavuta.

Wewe ni mshonaji, kwa hiyo nitakueleza kwa lugha ya cherehani. Unapotaka kukusanya sketi ya rinda, unapitisha uzi mrefu kiunoni, unapiga fundo upande mmoja, halafu unavuta upande wa pili. Kitambaa cha mita mbili kinajikunja mpaka kinatosha kiuno cha mtoto. Uzi ndani ya paka hufanya hivyohivyo. Ncha moja hunasa, mara nyingi chini ya ulimi, au pale chakula kinapotoka tumboni kuingia utumbo mwembamba. Ncha nyingine huteremka. Utumbo unaendelea kusukuma kama unavyosukuma chakula, lakini uzi umeshikwa juu, hauendi. Basi badala ya uzi kushuka, utumbo ndio unaopanda juu ya uzi na kujikunja marinda. Na kwa kuwa uzi umekaza, kila msukumo unakereza ukuta wa ndani kwenye kona za yale marinda, kama msumeno mwembamba. Ukuta ukitoboka, uchafu unamwagika tumboni, na kutoka hapo kumponya mnyama ni kazi ngumu sana hata kwa daktari hodari mwenye vifaa vyote.

Sasa chukua ile sketi, fundo likiwa limeshikwa imara, uivute ncha kwa nguvu kidogo. Rinda linabana zaidi, na uzi unakata kitambaa. Hicho ndicho jirani yako anachokushauri ufanye ndani ya tumbo la Kaimati. Amekushauri kwa wema, sina shaka. Ncha ya uzi ikionekana nje, akili ya mtu yeyote inaona kwamba kilichobaki ni kuisaidia tu itoke.

Najua kwa sababu niliwahi kuvuta. Nilikuwa msichana, nimekuja likizo kwa bibi yangu Makorora. Bibi alikuwa akishona kofia za viua, ile kazi ya kutoboa na kuzungushia kila kitundu kwa uzi mweupe, na paka wake alikuwa akilala kwenye kikapu cha vitambaa. Siku ya mkesha wa Krismasi niliona uzi mweupe nyuma ya paka. Nikamshika, nikavuta. Ulitoka shibiri moja hivi, laini kabisa, nikafurahi. Kisha ukakaza. Nikaongeza nguvu kidogo tu. Paka alilia mara moja, akachomoka mikononi mwangu, akaingia chini ya kitanda cha kamba, na hakutoka tena kwa hiari yake. Alikufa siku ya pili baada ya sikukuu. Miaka mingi baadaye, nilipompasua paka wa mteja kwa mara ya kwanza na kuona utumbo umejikunja juu ya uzi mweupe kama kola ya gauni la ubatizo, nilijua nimemfanyia nini yule wa bibi.

Usidhani paka ni mlafi wa nyuzi kwa ujinga. Angalia ulimi wake akipiga mwayo. Umejaa vijiba vidogo vigumu, vyote vimeelekea kooni. Akikulamba mkono unahisi msasa. Ndivyo vinavyomchania manyoya na kumkwangulia nyama kwenye mfupa. Ubaya wake ni kwamba uzi ukishashika juu ya vijiba hivyo hauna njia ya kurudi. Mbwa anaweza kutema kitu asichokitaka. Paka akijaribu kuutoa uzi kwa ulimi, kila mlambo unauingiza ndani zaidi. Kuna wakati anameza mita nzima si kwa kuutaka, ila kwa kushindwa kuuacha.

Kabla ya kutoka nyumbani, mtazame chini ya ulimi ikiwa atakubali bila vita. Mfunge kwa taulo kama mtoto mchanga, mikono yake ya mbele ikiwa ndani. Mkono mmoja uinue kichwa, na kidole cha kati cha mkono wa pili kifungue taya ya chini. Kidole gumba cha mkono huohuo wa pili kibonyeze polepole kutoka chini ya kidevu, katikati ya mifupa miwili ya taya. Ulimi utainuka. Ukiona uzi umezunguka kwenye mzizi wa ulimi, uache hapohapo ulipo. Usiukate wala usiuvute. Kazi yako ni kwenda kumwambia daktari umeuona. Na ule wa nyuma nao usiukate; piga picha kwa simu. Akiwa anauchezea au anautafuna, mvalishe kola ya karatasi ngumu shingoni, mfano wa koni ya askirimu iliyokatwa ncha, mpaka mfike.

Usimpe mafuta ya kula ili "ateleze". Usimpe maziwa, wala maji ya chumvi ili atapike. Na hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao: usimpe parasetamoli kwa sababu unaona anaumwa tumbo. Dawa hiyo ambayo wewe unaimeza kichwa kikikuuma, mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka mzima, sembuse mtoto wa miezi michache.

Nenda na lile donge la uzi, na nenda na sweta. Watu hawafanyi hivi, na ndilo jambo ambalo lingemsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Mkono wa sweta uliotafunwa unaweza kutuambia Kaimati amemeza kiasi gani. Hesabu mistari iliyopotea, upime upana wake. Kwa ufumaji wa kawaida, mstari mmoja hula uzi mara tatu ya upana wake au zaidi kidogo. Ukiwa umepoteza mistari miwili ya sentimita 30, uzi uliokosekana unakaribia mita mbili. Toa vipande ulivyoviokota sakafuni, kinachobaki ndicho kilicho ndani yake. Daktari akijua kama anatafuta kipande cha kidole au mita mbili, ataamua tofauti kabisa.

Atakachofanya yeye ni kumpapasa tumbo, kumtazama kinywani tena, na kama vifaa vipo, kumpiga eksirei au altrasaundi. Uzi wenyewe hauonekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni utumbo uliokusanyika mahali pamoja na vipovu vya hewa vyenye umbo lisilo la kawaida. Sindano ndiyo huonekana waziwazi, nyeupe na nyembamba. Si kila paka aliyemeza uzi hupasuliwa. Anayekula, anayecheza, asiyetapika, na ambaye uzi wake haujanasa mahali, anaweza kuwekwa chini ya uangalizi na uzi ukatoka na kinyesi. Lakini wako hajala tangu jana jioni, na hiyo peke yake inatosha kumtoa kwenye kundi la kusubiri nyumbani. Akianza kutapika, kudondosha mate au kujikunyata pembeni akiwa amekunja mgongo, jua saa zinahesabika. Akihitaji kupasuliwa atatundikiwa dripu kwanza, atapewa nusu kaputi, na uzi utatolewa kwa kuukata vipande kupitia matundu madogo, kwa sababu ile ya fundo na rinda.

Hapa Tanga usidhani kila ofisa mifugo wa kata anapasua paka. Wengi wao kazi yao ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na wanaifanya vizuri. Ukipiga simu uliza moja kwa moja: nani mjini anafanya upasuaji wa paka na mbwa, na eksirei inapatikana wapi? Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ipo Morogoro, na wapo watu huwafikisha wanyama wao huko, ila kwa uzi ulionasa safari ndefu namna hiyo hufanywa kwa ushauri wa daktari wa karibu, si kwa kujiamulia. Wewe mwingine unayesoma na paka wako ni mzima, tafuta namba hiyo ya simu sasa. Tarehe 25 na 26 ni mapumziko, na usiku wa tarehe 25 si wakati wa kuanza kuulizana mtaani nani anamjua daktari.

Sasa tuje kwenye neno la mume wako, kwamba paka aondoke au uzi uondoke. Mwambie kwa heshima zangu kwamba kuna njia ya tatu, na ni nafuu.

Kwanza uelewe kwa nini Kaimati ananyonya sweta. Umesema aliokotwa ndiyo kwanza anafungua macho. Kitoto cha paka hufungua macho kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, na kinatakiwa kukaa na mama yake angalau majuma 8. Kaimati amekosa majuma sita ya kunyonya. Vitoto vilivyotengwa mapema mara nyingi hukua na tabia ya kunyonya vitu laini, na sufu ndiyo inayowavuta zaidi kuliko pamba. Utamwona anafumba macho, anaunguruma, huku vidole vya mbele vinakanda kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayekanda unga wa maandazi. Ndivyo angekanda ziwa la mama yake ili maziwa yashuke. Hivyo ukimpiga au ukimrushia kandambili unamwadhibu yatima kwa kutafuta mama. Kinachosaidia ni kuondoa sweta kimyakimya kila anapoanza, na kumpa kitu kingine palepale. Usimpe kitambaa chake cha kunyonya, kwa maana anayenyonya leo kesho atatafuna. Mpe chakula kidogokidogo mara nne kwa siku badala ya sahani moja kubwa. Dagaa waliochemshwa bila chumvi wanampa kazi ya kutafuna. Na watoto wapo likizo: wape zamu ya kucheza naye robo saa asubuhi na jioni, kwa unyoya uliofungwa kwenye fimbo, na mchezo ukiisha fimbo inaingia kabatini.

Pia anahitaji pa kukwaruza. Na sisi wa Tanga tumejaliwa, kwani vigogo vya kukwaruzia wanavyouziwa wenye paka Ulaya na Marekani huviringishwa kamba ya katani. Mkonge uliingia nchini kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche iliyotolewa Florida, ikafika 62 tu iliyo hai, ikapandwa Kikogwe upande wa Pangani. Babu zetu wameukata jua kali kwa zaidi ya miaka mia. Sioni kwa nini paka wa Chumbageni akwaruze kochi. Tafuta kigogo cha unene wa sentimita 10, kiwe na urefu wa kutosha paka mzima kusimama na kujinyoosha. Sentimita 80 juu ya kitako zinafaa. Kamba ya unene wa sentimita moja utahitaji kama mita 28, nunua 30. Izungushe ikibanana, gundi ya mbao chini yake, ncha zote mbili uzipigilie misumari ya kichwa kipana na kuzifukia kabisa. Usiache ncha inayochambuka. Nyuzi za katani nazo ni nyuzi, na nisingependa umtoe Kaimati kwenye sufu umwingize kwenye katani.

Halafu uzi wenyewe upate nyumba. Mimi hutumia ndoo ya rangi ya lita nne, iliyosafishwa, yenye mfuniko wa kubana. Mfuniko nimeutoboa kwa msumari uliochemshwa motoni, kingo zikayeyuka zikawa laini, haziharibu uzi. Donge linakaa ndani, uzi unapita kwenye tundu, nafuma. Nikiitwa jikoni, natumbukiza kazi yote ndani, nabana mfuniko. Hatua hiyo inachukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu. Kikapu kizuri cha ukindu kisicho na mfuniko, ambacho ndicho wengi tunacho, kwa paka ni sahani iliyoandaliwa.

Kwa mshonaji wa viraka, hatari kubwa haimo kwenye donge. Imo kwenye vile vipande vya kukata, vya shibiri moja au nusu, vinavyoanguka mkekani na kunata kwenye gauni. Weka chupa yenye kifuniko karibu na mkono wa kulia, na kila unachokata kiingie humo kabla hujapiga mshono unaofuata. Sindano uzihesabu ukianza na ukimaliza. Na kamwe usiache sindano ikiwa na uzi. Sindano tupu paka haishughulikii sana. Yenye uzi, anaanza na uzi, na sindano inafuata nyuma kama behewa.

Nimefurahi kusikia unashona kanga, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo. Shuka la viraka lenye pamba katikati linafaa Lushoto. Hapa pwani, Desemba, kaskazi inavuma na mtu anatoka jasho akiwa amekaa, tabaka mbili tupu zinatosha: viraka juu, kanga nzima au shuka jepesi chini. Kwa nyumba yenye paka hilo lina faida ya pili, hakuna cha kuvutwa katikati. Wengine hushikiza tabaka kwa kufunga vifundo vya uzi vyenye mikia juu juu, mtindo wa godoro. Ni wa haraka na unapendeza, lakini kila mkia ule unamwita paka. Piga mshono wa mkono mfupi, au cherehani, fundo ulizamishe katikati ya tabaka.

Kanga mpya uzifue kwanza, kila moja peke yake, mpaka maji yatoke meupe. Zina wanga wa kiwandani na rangi inayochuja, na zitarudi ndani kidogo. Nimeona mtu aliyeshona nyekundu na nyeupe bila kufua, na baada ya fuo la kwanza nyeupe yote ikawa ya waridi. Kata miraba ya inchi 6 na nusu, ukiacha robo inchi kila upande ya kushonea, mraba ubaki inchi 6 kamili. Miraba 120, kumi kwa kumi na mbili, inakupa shuka la inchi 60 kwa 72. Kanga moja haikosi miraba 40, na hapo jina hujaligusa. Jina ulikate zima kama utepe mrefu, ulishone katikati ya shuka au lizunguke ukingoni. Kanga za mama na shangazi zina maneno waliyoyachagua wakiwa dukani, na mengine yalikuwa ni ujumbe kwa mtu. Ukiyakata vipandevipande umekata kauli yao.

Kaimati atalala juu ya hilo shuka kabla hujalimaliza, likubali hilo. Paka hulala zaidi ya nusu ya siku, na hupenda kitu chenye harufu ya mtu wake. Mtandikie kipande cha kanga kuukuu kilichopindwa vizuri kwenye kiti kilekile unachoshonea, kazi yako iwe mapajani. Manyoya yanatoka kwa kitambaa chenye maji kidogo ukifuta kuelekea upande mmoja.

Kuna kitu kimoja kabatini kinachonitia hofu kuliko manyoya, nacho ni naftalini. Tunaziweka kwenye masweta dhidi ya nondo. Ni sumu kwa paka na mbwa, na paka anayelala kwenye kabati la nguo anaivuta mchana kutwa. Anika sufu juani, ikung'ute, uifunge kwenye mfuko mzito usioingiza hewa. Na ile dawa ya kupe ya kuogeshea mbwa au ng'ombe usimpake paka wala usiinyunyize kwenye matandiko yake. Baadhi yake zina pamethrini, ambayo mbwa huivumilia na paka humtia degedege.

Mapambo nayo. Tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga halina neno, lakini zile nyuzi za kung'aa za kuzungushia mti ni uzi tu uliovaa nguo ya sikukuu. Zitoe kabisa mwaka huu. Pambeni kwa nyota za vitenge mlizoshona na watoto, zikining'inizwa juu asipofika. Utepe wa zawadi uingie kwenye chupa ileile ya vipande.

Chakula cha sikukuu sitakieleza sana. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti vyenye ncha, isiende kwa mbwa wala paka. Pilau ina vitunguu na vitunguu saumu, vinavyoharibu damu yao, na zabibu kavu zinaweza kumwangusha mbwa figo. Nyama ya kuchemsha bila kiungo, kidogo, itolewe kabla hujaunga.

Mbwa wa uani umemtaja mara moja tu, nami nikuombe umkumbuke usiku wa tarehe 31. Fataki zikianza, mbwa aliyefungwa mnyororo hujinyonga akijaribu kukimbia, na asiyefungwa anaruka ukuta na kupotea. Jua likizama mwingize chumba cha ndani, redio iwe wazi, maji yawepo. Cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa kikiwa kimepita mwaka, mchome siku hiyohiyo unapompeleka Kaimati. Kaimati mwenyewe akitimiza miezi mitatu naye achanjwe, maana watoto wanalala naye.

Safari ya Lushoto, akipona, msimpeleke. Barabara ya kupanda kutoka Mombo ina kona zinazowatapisha watu, na paka mwenye mshono tumboni hafai kuhangaishwa. Akiwa amepasuliwa atakaa ndani siku 10 hadi 14, bila kuruka juu ya makabati. Kama hamna wa kumwachia na ni lazima aende, tenga lenye kifuniko kilichofungwa kwa kamba, kanga sakafuni, na asile kwa muda wa saa nne kabla ya gari kuondoka.

Na mkono wa sweta usiutupe. Ukirudi kutoka kwa daktari na hesabu yako imeshachukuliwa, fua mkono ule kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uukaushe kivulini ukiwa umelala. Kisha pitisha sindano nyembamba kwenye vitanzi vyote vya mstari mzima wa kwanza ulio chini ya palipotafunwa, kitanzi kimoja kimoja, hata kama itakuchukua saa nzima, halafu ndipo ufumue kilicho juu yake. Ukifanya kinyume, vitanzi vitakimbia mpaka kwenye pindo. Uzi mpya uuunge pembeni, kwenye mshono wa ubavu wa mkono, si katikati. Mikia yote miwili uifiche kwa sindano butu upande wa ndani, sentimita 5 au zaidi, kwenda na kurudi, mpaka ukipitisha kiganja juu yake usihisi ncha.